Nilimpandisha Mwandishi Juu ya Meza

Jamani, leo nimeaibika mpaka ushungi nimeuona mdogo, hautoshi kunifunika uso.

Kikundi chetu cha kusoma hapa Chumbageni kilimaliza riwaya ya fisi na mbuzi wanaohamia sayari nyingine kwa chombo kimoja. Mbuzi wanakataa kuvuta hewa moja na fisi. Eti wananuka! Nililia (ndiyo, nilimlilia fisi).

Leo mwandishi anakuja mwenyewe kutoka Mabawa. Sura yake hatuijui. Mkaribishaji ni mimi, hotuba mkononi: "Tusihukumu viumbe kwa sura."

Alasiri akaingia mzee mmoja, ovaroli imejaa grisi, bisibisi mfukoni. Alhamdulillahi! Feni ilikuwa imegoma, na joto la Tanga mnalijua.

"Shikamoo, fundi. Feni hiyo hapo juu. Fanya haraka, tuna mgeni mkubwa."

"Marahaba, mwanangu." Akaitazama feni, akanitazama mimi, akapanda juu ya meza.

Nyuma yake akaingia bwana wa koti na miwani. Huyo ndiye! Nikamkalisha mbele, nikampa juisi ya ukwaju, nikasoma hotuba yote. Makofi. Feni ikaanza kuzunguka. Makofi zaidi (kuliko yangu).

"Sasa mwandishi atuambie, yule fisi alimtoa wapi?" nikauliza.

Bwana wa koti akakodoa macho. "Fisi gani? Mimi nachaji simu tu, namngoja mke wangu."

Kisha sauti kutoka juu ya meza: "Fisi ni wangu, mwanangu."

Mungu wangu! Bi Mwanaidi, mwenyekiti wetu, akadakia: "Na mbuzi leo tumemwona!" Watu hoi kwa kicheko. Mimi nikaomba radhi, machozi yananilenga.

Mzee akashuka, akifuta mikono. "Hukukosea. Mimi ni fundi feni kweli, naandika wateja wakiadimika. Na wewe umeniamkia kabla hujanijua. Wengine huniita 'we fundi' tu."

Kisha akanipa kitabu. "Nisomee sura ya kwanza. Sijawahi kuisikia kwa sauti ya mtu mwingine."

Nikasoma. Akafumba macho, akitabasamu kila fisi alipozungumza. Nilipomaliza akasema, "Kumbe ni nzuri!" Akaahidi kuja kila mwezi.

Haya chekeni. Ila kuanzia leo kila anayeingia mlango ule namwita mwandishi, hata akiwa paka.