Nani Kafuta Kuvu Kochi

Kwenye duka la chai la Kuncheria gazeti ni moja na wasomaji ni wengi, kwa hiyo kila asubuhi hugawanywa karatasi kwa karatasi. Ukurasa wa mbele ni wa Shivan, tunayemwita Wakili, kwa sababu ana kesi ya mpaka wa shamba tangu ujanani na hajashinda hata siku moja. Kurasa za ndani ni za Damodaran, yaani Tanzia: huanza na picha za marehemu, asipojiona humo ndipo anaagiza chai.

Jumanne hiyo Wakili alisoma kwa sauti ya hakimu. Kwenye jumba la sanaa huko Kochi, mji wa pwani, mtu asiyejulikana amefuta kuvu lote kwenye bapa la mpira mbichi, kama haya tunayogandisha sisi kwa utomvu wa miti yetu, lililotundikwa ukutani. Kuvu hilo ndilo lililokuwa sanaa yenyewe. Msanii alilikuza miezi kumi na minane. Mtu huyo anatafutwa.

Sote tukamgeukia Avarachan, maarufu kama Gredi, aliyepanga madaraja ya mpira kwenye ushirika wetu miaka thelathini. Jumapili tulikwenda naye Kochi kwa basi, tukala samaki, tukaitazama bahari mpaka mvua ikatukimbizia ndani ya jumba hilo. Taulo lake la begani lilirudi na madoa ya kijani.

"Lile taulo liko wapi?" Wakili akamuuliza.

"Nimelifua."

"Umefua ushahidi, kaka. Hapo umejikaanga kwa mafuta yako mwenyewe."

Gredi akaisukuma kando chai yake. Nilimhurumia, ila si sana: aliwahi kuukataa mpira wangu mbele ya mke wangu. Kuncheria akamtetea, akasema sisi tukipeleka mpira wenye kuvu tunarudishwa nao nyumbani, mwenzetu msanii kautundika ukutani na watu wanapanga foleni. Wakili akamshauri Gredi aseme alipiga chafya, akajifuta mahali pasipofaa.

"Nitaanza kwa kuungama kwa padri," alisema Gredi.

"Padri hatoi dhamana."

Tanzia akainua kichwa kutoka kwa marehemu wake. "Mbona mnamfunga mtu mapema? Habari inaendelea ukurasa wa tisa, ninao mimi. Msanii anasema huyo jamaa ndiye aliyeikamilisha kazi. Anatafutwa aje atie sahihi, majina yao yakae pamoja ukutani."

Kijiwe kikachangamka. Wakili akajitangaza kuwa ndiye aliyemshikia mwavuli. Kuncheria akaongeza maziwa bila kuombwa. Tukamwambia kaka umeula, panda basi la saa nne.

Gredi akavaa miwani, akauinua ukurasa ule kwenye mwanga na kuikagua picha ya bapa pembe kwa pembe.

"Lina mapovu katikati," akasema. "Hata baada ya kulisafisha ni gredi ya nne."

"Kwani kuna nini?" Wakili akauliza.

"Sijawahi kutia sahihi yangu kwenye gredi ya nne. Hata mpira ulipokuwa wa shemeji yangu."

Akajitupia taulo jingine begani, akaenda zake. Hapo ndipo nilipomsamehe kwa ule mpira wangu.