Mpatanishi wa Mafaili

Jumatatu, 4 Machi
Siku njema! Mkurugenzi wa maktaba katangaza kikaoni: Ijumaa atateua Msimamizi wa Mitambo. Tuko wawili tu kwenye kinyang'anyiro. Mimi, na Mama Nakala, tuliyempa jina hilo kwa kuwa hagusi kitu kabla hajakitolea nakala. Hata zamu za kuchemsha chai ana nakala yake! Mimi ni mtu wa vitendo. Jioni baba mkwe kapiga simu, kauliza habari za kazi. Nikamwambia cheo nimeshakipata, kasoro kutangazwa tu. Mzee kasema basi Ijumaa atakuja kunipongeza ofisini. Sasa lazima nikipate kweli.

Jumanne, 5 Machi
Mama Nakala kaomba ruhusa ya siku mbili, anakwenda kung'oa jino. Asiyekuwepo na lake halipo! Seva yetu, ile mashine inayotunza orodha ya vitabu, ina mfumo wa zamani mno. Kesho nitaupandisha toleo jipya, peke yangu. Kabla ya kuondoka kanisihi nisiiguse. Nikamtakia jino lake kila la heri.

Jumatano, 6 Machi
Nimeanza saa tatu asubuhi. Mfumo mpya umeingia bila tabu. Kisha mashine ikaanza maswali. Kila faili la mipangilio sasa lipo mara mbili, letu la zamani na lake jipya, na inataka niyaunganishe, mstari kwa mstari. Mistari mia tisa! Mwingine angekata tamaa. Lakini ni mimi niliyesuluhisha ugomvi wa shamba la wajomba zangu, na siri yake naijua: usimpendelee mtu. Mstari mmoja wake, mstari mmoja wetu. Haki bin haki. Saa sita nimemaliza, nikaizima, nikaiwasha. Ikawaka! Nimeruka kwa furaha nikagonga kichwa kwenye rafu ya magazeti.

Saa nane. Balaa. Dada wa kaunta kaja analalamika mashine imemkataa. Mkurugenzi imemkataa. Nikaandika jina langu mwenyewe. Ikajibu mtu huyo hayupo. Hayupo! Mimi niliyeipa uhai mpya! Wasomaji wamejipanga hadi mlangoni, kila mmoja na kitabu mkononi, hakuna wa kukipokea.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeelewa. Orodha ya watu wanaoruhusiwa kuingia nayo ni faili. Tulikuwa watano. Katika upatanishi wangu mmoja katoka, mmoja kabaki, mmoja katoka, hivyo hivyo. Waliobaki ni mtunza magazeti aliyestaafu mwaka juzi, na Mama Nakala. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikampigia simu nikasema kuna kijitatizo. Kaja na shavu limevimba kama andazi, kafungua kabati lake, katoa nakala. Kaisoma mstari mmoja mmoja, akiuliza kila mmoja una kazi gani. Kazi ya kuchosha! Kufika saa kumi mashine ikatujua sote. Kisha kairudisha nakala kabatini, kanitakia jioni njema. Ningependa anitukane.

Ijumaa, 8 Machi
Cheo kapewa Mama Nakala. Nimeumia, sifichi. Nikiwa bado natafuta uongo wa kumpa baba mkwe, huyo mlangoni, na suti yake! Mama Nakala kamwamkia, kampa kiti, kamweleza kuwa cheo kakipata yeye, ila mkwewe ndiye aliyethubutu kupandisha mfumo ambao wote tuliuogopa miaka mitatu. Mzee kanishika bega, kasema mwanamume ni kuthubutu. Nusura nilie.

Halafu nikasikia cheo chenyewe ni cha majaribio, miezi mitatu. Kumbe mlango bado uko wazi! Na ipo seva ya pili, ile ya matawi, nayo ni ya zamani vilevile, na Jumatatu Mama Nakala anakwenda mafunzoni. Nimekaa nikalitafakari kosa langu kwa moyo mweupe, nikaliona. Nilianza na mstari wa mashine. Safari hii nitaanza na wetu.