Dereva Asihukumiwe Kabla ya Maada Nyeusi

Maduhu Kishiwa,
Kitongoji cha Ng'ambo ya Mfereji,
Kilosa.

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Baraza, Mzee Ulimboka,

Shikamoo. Mimi ni mzima, ila nimeumia. Maksai wangu Dereva yupo kwenye zizi la kijiji tangu Jumatatu, kwa tuhuma za kula mpunga wa Mama Filomena. Mvua imeshanyesha. Mwenzake Konda amebaki nyumbani peke yake, na gari lenye konda bila dereva mnajua haliendi. Shamba lisipolimwa wiki hii, watoto wangu watakula nini mwakani?

Ningenyamaza, lakini binti yangu Brightness, mwalimu wa fizikia, yupo nyumbani likizo na amenifungua macho. Anasema ulimwenguni kuna kitu kinaitwa maada nyeusi. Hakionekani wala hakishikiki, ila uzito wake ndio unaozuia nyota zisitawanyike. Wataalamu wanadhani chembe zake zikikutana huangamizana na kutoa miale ya gama, ambayo macho yetu hayaioni. Basi wamerusha darubini huko angani iitafute hiyo miale. Yaani wanamtafuta mhusika kwa kuangalia alichoacha, kama ninyi mlivyofanya kwa Dereva. Tofauti ni uungwana, na hapo ndipo malalamiko yangu yanapoanzia.

1. Wataalamu wameona miale imezidi katikati ya kundi letu la nyota. Wanaiona kwa zaidi ya miaka kumi, na mpaka leo hawajamtaja mtu, maana huenda inatoka kwa nyota zilizokufa zinazozunguka kama pia ya watoto. Baraza lako liliona kinyesi kwenye mpunga asubuhi, na kabla ya chai ya saa nne mtuhumiwa yuko zizini. Haraka haraka haina baraka, Mzee wangu.

2. Nyota zetu zilizokufa ni nyati wa Mikumi. Kinyesi chao na cha ng'ombe, nani kati yenu alivitenganisha? Mjumbe Fortunatus alikichokoa kwa kijiti, akainama, akanusa, akatangaza mbele ya watu kwamba ni cha Dereva. Jamani! Kinyesi kina jina?

3. Wenzenu, ili wasichanganyikiwe, walielekeza darubini kwenye makundi madogo ya nyota yasiyo na fujo. Hawakuona kitu cha uhakika, wakasema hivyo hivyo bila kununa. Je, ninyi mlikagua majaruba ya watu wasio na jirani mfugaji? Thubutu!

4. Brightness anasema maada nyeusi imeizidi hii yetu kama mara tano. Kwa hiyo kwa kila ng'ombe anayeonekana hapa kijijini wapo watano wasioonekana, nao wanakula. Brightness anaikataa hesabu hii, lakini yeye hajawahi kuchunga. Hata Dereva akikutwa na hatia, fungu lake ni moja kati ya sita. Hayo matano wadaiwe hao wengine, na zizi lipanuliwe liwatoshe.

Ninaomba, kwa heshima zote, Dereva aachiwe leo akalime, na shauri lake lisubiri mpaka wataalamu wa anga wamalize la kwao. Siku wakipata uhakika nitamleta mwenyewe, na kamba shingoni. Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni.

Mke wangu Agness anawasalimu. Brightness pia anawasalimu, ila ameomba asitajwe. Msalimie mama hapo nyumbani, na Mjumbe Fortunatus, anawe mikono. Mama Filomena mpe pole yangu ya dhati, mpunga ule ulikuwa mzuri jamani.

Ni mimi ninayetazama mvua ikipita bure,
Maduhu Kishiwa

N.B. Nasikia Dereva amegoma kula nyasi hapo zizini. Msihangaike kuita daktari wa mifugo. Haumwi, amezoea kuanza siku na mpunga mchanga, hasa wa jaruba la chini la Mama Filomena. Mpelekeni alfajiri kabla mama wa watu hajaamka. Kamba ya lango la jaruba ina fundo gumu kidogo. Mimi huwa nalifungua kwa meno.