Vita vya Fomu Moja na Madaftari Manne

Sogeeni, enyi wote mliowahi kuambiwa mrudi kesho! Tegeni masikio, msikie vita ambavyo mbingu zenyewe zilishika kiuno zikitazama, vilivyopiganwa tangu asubuhi hadi saa kumi jioni, katika ofisi yenye feni mbovu.

Shujaa ni Dada wa Mapokezi, Simba Jike wa Kaunta, Mtuliza-Foleni. Asubuhi hiyo Mkuu wa Ofisi alitangaza kwamba Jumatatu kompyuta itashika kazi ya dada huyo, naye aende nyumbani.

Simba Jike hakulia. Alikohoa, vikombe vikatikisika.

"Bosi wangu, fundi hakati kitambaa kabla ya kupima mwili. Nipe leo tu. Niifuate fomu moja tangu mlangoni hadi kwenye sahihi yako, tuone kazi ipi ni ya mashine na ipi ni ya mtu."

"Itakuchosha, binti. Fomu zetu hizo zina miguu!"

"Na mimi nina viatu vya chini."

Mara akaingia kinyozi anayetaka kibali cha kibanda, akifoka, mkononi ana fomu isiyo yake. Shujaa akamsikiliza, akampoza, akampa inayomfaa. Kisha akatwaa kalamu kama mkuki na kuifuata fomu vitani. Meza ya kwanza, jina la kinyozi likaandikwa daftarini. Ya pili, likaandikwa. Ya tatu, likaandikwa tena, kwa wino mwekundu! Ya nne aliikalia Mzee Wino, Jabali Lisilosogea.

"Shikamoo, mzee wangu. Hapa unafanya nini?"

"Marahaba. Nanakili jina kutoka daftari la tatu."

"Na hili lako husomwa na nani?"

Mzee akavua miwani. Akaifuta. Akaifuta tena.

"Mwanangu, miaka kumi na tisa nangoja mtu aniulize. Hasomi mtu! Vidole vimekufa ganzi!"

Saa kumi kasoro, shujaa akasimama mbele ya Mkuu.

"Kunakili jina mara nne, hiyo ndiyo kazi ya mashine. Lakini ungeiweka kaunta, ingeipokea ile fomu isiyo sahihi aliyokuja nayo kinyozi na kuikimbiza meza zote bure, tena upesi sana!"

Mkuu akashika kichwa. "Lo! Kumbe nilitaka kung'oa jino zima, niache bovu!"

Jumatatu, mashine ikawashwa kwenye meza ya madaftari. Mzee Wino akanyoosha vidole, akahamia kaunta kuwaelekeza watu. Simba Jike akaketi kitini pake kama malkia aliyeteka miji saba, na hakuna kilichomwagika ila wino.

Andikeni ushindi huu, enyi waandishi wa enzi zote! Lakini tafadhalini, andikeni mara moja tu.