Koti Jeupe la Bucha

Jumatatu, 4 Juni 1951
Koti limefika! Jeupe, vifungo vitano, refu mpaka magotini. Ofisa wa afya anataka kila mwenye bucha hapa Silibwet avae moja. Muturi, mwenye bucha ya pili, bado anauza nyama na sweta lililoganda damu. Nimelivaa langu nikavuka mto hadi vijiji vya ng'ambo, ili sifa ya bucha yangu mpya ifike mbali. Wazee watatu wamenivulia kofia. Wazee! Mimi Danson, ambaye mke wangu Wakonyo hanimiminii hata chai nikichelewa.

Jumanne, 5 Juni
Sasa nimeelewa. Wananidhania daktari wa ng'ombe, maana mtu wa chanjo huvaa hivi hivi. Mzee Kipkemboi ameniomba nimwangalie fahali wake anayekohoa. Nikaweka sikio ubavuni, nikasema mm. Mzee akashika kichwa. Mm tu! Wakonyo anasema nitafungwa. Nimemwambia hajui biashara. Daktari akisema ng'ombe haponi, mwenyewe atamuuza siku hiyo hiyo. Na mnunuzi wa karibu ni nani?

Alhamisi, 7 Juni
Nafasi imekuja. Nikiwa tena ng'ambo, Chepkirui, mama mjane wa huko, amenifuata akihema. Ng'ombe wake wa pekee anazaa tangu jana na ndama hatoki. Nimekwenda na maneno yangu tayari: huyu haponi, mama, niuzie mimi. Nimeyakariri njia nzima.

Mama akanitemea mate kifuani, kwenye koti jipya! Nikakasirika, mpaka jirani akanieleza kwamba hiyo ndiyo baraka yao. Mama akasema watoto wake wanne wanamtegemea ng'ombe huyu, na kwamba sasa daktari amefika hana wasiwasi tena. Maneno yangu nikayaacha, nikakunja mikono ya koti.

Nikaingiza mkono. Mungu wangu. Miaka tisa nimepasua ng'ombe, kila kitu cha ndani nakijua kilipo, lakini siku zote kiko kimya. Humu kila kitu kilikuwa kinasukuma. Mguu mmoja wa ndama ulikuwa umekunjwa. Nikaunyoosha. Tukavuta, mimi na mama. Akatoka, akalala kimya, kisha akapiga chafya. Nimekaa kwenye matope nikimwangalia akijaribu kusimama. Nimelia, na sioni haya kuandika. Mimi huwaona ng'ombe wakiisha. Sikuwa nimewahi kumwona mmoja akianza. Chepkirui amesema kongoi, asante, mpaka sauti ikamkauka, akanipa kibuyu kizima cha maziwa.

Jumamosi, 9 Juni
Siku ya soko na sijauza hata ini! Kipkemboi amekuja, akanikuta na kisu, akauliza mbele ya watu nyama hii ni ya mgonjwa yupi. Foleni yote ikahamia kwa Muturi na sweta lake. Nimeapa kwamba mimi ni mtu wa bucha tu. Wamecheka, wakasema daktari ana mizaha. Wakonyo ameficha koti.

Jumatatu, 11 Juni
Koti limepatikana, chini ya godoro. Limejikunja kidogo tu. Nilikuwa nalinyoosha mlangoni wakati Bethwel, nyapara wa shamba la chai, alipofika ameshika shavu. Jino. Nimemweleza kwa heshima zote kwamba watu siwagusi. Ameniambia niache kujishusha, habari za yule ndama zimefika mpaka Kedowa.

Nimefikiri. Ng'ombe ana meno thelathini na mawili. Nyapara naye ana meno thelathini na mawili.

Nimemwambia aketi.