Itifaki Kabla ya Mafuriko

Jumatatu, 13 Aprili

Nimekabidhiwa kipaza sauti! Mwenyekiti wa kitongoji, Haji, kanipa mbele ya watu. Mto ukijaa, mimi Abdulazizi ndiye nitakayewatangazia watu wa bondeni wahame. Bi Thuwaiba mwenye duka kapewa kipimamvua, chupa yenye mistari, kaisimika uani kwake. Kila siku saa tatu asubuhi anachungulia na kuandika. Mpiga picha kampiga yeye. Mimi nimetokea kiwiko tu.

Mkufunzi aliyetuletea vifaa hivi alisema tangazo liwe fupi: hatari kwanza, halafu pa kukimbilia. Nikanyoosha mkono, nikauliza kama kwao watu huambiwa kimbieni kabla ya kusalimiwa. Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Jumanne, 14 Aprili

Tangazo nimeliandika. Kurasa tatu! Salamu, dua, kisha itifaki: mwenyekiti, kamati, wazee wa msikiti, akina mama wa kikoba. Mafuriko yako ukurasa wa tatu, chini. Ijumaa wanakuja wageni wa wilaya. Watajua hapa nani msomi.

Mazoezi barabarani, mara nne. Nimetangaza na mananasi yangu pia, maana sauti ilikuwa imeshafunguka. Bi Thuwaiba kanijia kusema betri zitakwisha. Wivu huo.

Jumatano, 15 Aprili

Mawingu mazito. Nimekwenda kumwamkia Shangazi Mina, aliyenilea baada ya mama kufariki. Nyumba yake ya udongo iko hatua chache kutoka mtoni. Simu hana, magoti hayamsaidii. Nikamwambia asihofu, akisikia sauti yangu atoke. Akasema sauti yangu anaijua tangu nilipokuwa nalilia uji. Nimerudi nyumbani kifua mbele.

Alhamisi, 16 Aprili

Niandike tu.

Mvua kubwa tangu alfajiri. Bi Thuwaiba hakungoja saa tatu. Saa moja alikuta chupa imejaa pomoni, akaja kwangu mbio bila mwavuli. Akasema mto unakuja juu, nitangaze sasa hivi.

Nikasimama juu ya ngazi za msikiti, nikaanza. Salamu. Dua. Mwenyekiti. Kamati. Wazee. Nilipofika kwa akina mama wa kikoba kipaza sauti kikakoroma, kikazima. Nikaendelea kwa mdomo mtupu. Hata mimi sikujisikia.

Nikamwona Bi Thuwaiba akishuka bondeni na ndoo, anaigonga kwa mwiko, nyumba kwa nyumba. Maneno yake mawili tu: maji, tokeni! Watu wakatoka na watoto na magodoro. Ndipo nami nikakimbia.

Kwa Shangazi maji yalikuwa magotini. Bi Thuwaiba akamshika upande huu, mimi upande ule. Shangazi kavaa kanga mpya, kajipaka na wanja! Nikamuuliza kwa nini hakutoka, sauti yangu hakuisikia? Akasema aliisikia vizuri sana, mwanangu. Aliposikia nataja wakubwa mmoja mmoja akajua kuna mkutano, akaanza kujitayarisha.

Tulipofika barabarani ukuta wake wa nyuma ulianguka. Nililia pale pale, mbele ya Bi Thuwaiba, na hakunicheka. Shangazi alikuwa ameniamini. Alikaa ndani ya maji akingoja nimwambie la kufanya, na mimi nilikuwa bado nashukuru kamati.

Ijumaa, 17 Aprili

Wote salama, alhamdulillahi. Bondeni hakuna aliyepotea. Tumelala shuleni, Shangazi kapewa godoro la Bi Thuwaiba. Wageni wa wilaya wamekuja, wamempiga picha Bi Thuwaiba na ndoo yake. Safari hii hata kiwiko changu hakimo.

Mwenyekiti Haji kaniita pembeni. Kaniambia kwa ukali kwamba kuanzia leo tangazo liwe sentensi moja, la sivyo kipaza sauti anampa mwingine. Nikamwambia nimekosa, na nilikuwa namaanisha kweli. Usiku kucha nilikuwa nafikiria kosa liko wapi. Nimelipata.

Ni betri. Nimeshaagiza ya pikipiki kutoka Chalinze.

Tangazo nalo nimelitengeneza upya, kwa moyo safi. Baada ya dua, kabla ya itifaki, nimeweka aya ya kumwomba radhi Shangazi Mina, hadharani, kwa kuchelewa kumwambia habari za maji. Imetoka vizuri. Ukurasa mzima.