Mitungi Yangu na Matone ya Caixia

Jumatatu, 14 Julai

Nimerudi likizo kutoka chuo kikuu cha Lanzhou na kukuta kijiji kimetekwa. Si na mchanga wa jangwa, huo tumeuzoea. Kimetekwa na Caixia, binti wa jirani, niliyekuwa nikimshinda kwa insha! Ametandaza shambani mipira ya kudondosha maji tone kwa tone chini ya nailoni, na kijiti kinachopima unyevu wa udongo ndicho kinachoamuru maji yafunguke au yafungwe. Yeye anatazama simu tu. Mimi nimefukia mitungi ya udongo katikati ya matikiti aliyopanda Mama, ichuje maji polepole. Ubunifu wa umma dhidi ya udikteta wa mashine!

Siku ya mavuno Katibu Tie, mkuu wa chama hapa kijijini, ataonja matikiti yetu. Mshindi atakabidhiwa ugawaji wa maji ya kisima cha kijiji. Lazima niwe mimi.

Mama ananiambia niache wivu. Nimemjibu kwamba huu si wivu, ni uchambuzi.

Jumatano, 16 Julai

Matikiti yake yamejaa kama mashavu ya mtoto mchanga. Yangu, ngumi. Tena kaniuliza mbele ya majirani waliokuwa wakila tambi: “Kaka Zhenhai, hiyo mitungi umeipanda uvune vikombe?” Wakacheka hadi tambi zikawapalia. Historia itawahukumu!

Alhamisi, 17 Julai

Wazo! Kijiti kikidhani udongo umelowa, maji hayafunguki. Kijiji kizima kilipolala usingizi wa mchana, niliingia shambani kwake na birika, nikalowesha pale penye kijiti tu. Mama akauliza birika linakwenda wapi juani. Nikasema mapinduzi nayo yana kiu.

Jumapili, 20 Julai

Kila mchana narudia. Majani ya Caixia yananyauka! Simu inamwambia shamba limelowa, naye anaiamini kuliko macho yake. Mimi najaza mitungi asubuhi na jioni. Matikiti yangu yanavimba kwa fahari.

Alhamisi, 24 Julai

Mavuno. Nilihutubia vizuri mno. Kisha Katibu Tie akagusa tikiti langu kwa kisu. Likapasuka kabla hajakata. Akaonja. “Mwanangu, haya ni maji ya kunawa.” Akaonja la Caixia, akafumba macho. Akasema kila mkulima hapa anajua tikiti hunyimwa maji siku za mwisho ili sukari ikolee, ila hakuna aliyewahi kuwa na moyo wa kulikausha kiasi hicho. Caixia, kwa haya, akakiri kwamba mashine iliamua yenyewe. Makofi! Kisima kapewa yeye.

Mashine imesifiwa kwa hekima. Hekima yangu! Nami siwezi kudai haki yangu bila kukiri hujuma.

Ijumaa, 25 Julai

Caixia anahamishia mipira yake ya matone kwenye shamba la pamba. Kaniomba nimlindie vijiti, eti ananiamini kuliko mbwa wake. Nimekubali kwa unyenyekevu.

Pamba haina sukari ya kukolea.